Amplifaya yako haina hatia

“Naishi Umoja, Nairobi, gorofa ya tatu. Sebule yangu ni mita 4 kwa 3.5, sakafu ni taili tupu, kuta za mawe, dirisha kubwa la kioo. Nina spika mbili kubwa za mtumba, kila moja nimeisimamisha kwenye pembe yake upande wa televisheni, na kochi liko ukuta wa mkabala. Amplifaya niliyokuwa nayo ni ya wati 40, aliniachia marehemu baba. Nikiweka rumba, besi inavuma buuu kama lori linalounguruma nje, na maneno ya mwimbaji siyapati mpaka niongeze sauti. Nikiongeza, majirani wanagonga ukuta. Tena spika ya kushoto, upande ulio na mlango wa korido, nahisi ni dhaifu kuliko ya kulia. Mwezi uliopita nikanunua amplifaya mpya ya wati 100 kwa shilingi 28,000. Sikusikia tofauti yoyote. Kurudi dukani naambiwa amplifaya ni sawa, shida ni waya, niweke zile nene zenye vichwa vya dhahabu, 9,000. Nimeacha arbuni ya 2,000. Nimebaki na 40,000 za kurekebisha huu mtambo. Niambie ukweli: ni kifaa gani hasa kinacholeta sauti nzuri, nianze nacho?”

Ndugu yangu, pole kwa zile 28,000. Hukutapeliwa, kwa maana amplifaya uliyouziwa ni nzima, ila umemfunga asiye na hatia. Sasa unataka kumkamata wa pili, huyo waya, naye pia hakuiba kitu. Mwizi unaishi naye, na nusu yake ni nyumba yenyewe.

Jibu la haraka ni hili: kinacholeta sauti nzuri ni spika, chumba zinamopigia, na mahali ulipozisimamisha ndani ya chumba hicho. Nimevitaja vitatu lakini vichukue kama kitu kimoja, kwa sababu spika nzuri ikiwekwa pabaya inalia vibaya. Amplifaya iko nyuma yao kwa mbali. Waya uko mwisho wa foleni, pamoja na rangi ya kabati.

Kwa nini iwe hivyo? Ndani ya mtambo wako muziki ni umeme tu. Simu inatoa umeme mdogo unaopanda na kushuka kwa kufuata sauti, na amplifaya inaupokea na kuutoa ukiwa mkubwa zaidi, sura ileile. Ni kazi kama ya yule wa fotokopi anayekukuzia kitambulisho: karatasi inaingia, karatasi inatoka. Kazi hii wahandisi waliimudu zamani. Amplifaya nzima, hata ile ya baba yako, hupitisha sauti zote kuanzia hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, hadi 20,000, ambayo ndiyo mipaka ya sikio la kijana mwenye afya, bila kupendelea yoyote kwa hata desibeli 1, kipimo chetu cha ukubwa wa sauti. Inachopotosha hakizidi sehemu moja katika elfu, na mara nyingi ni kidogo kuliko hapo. Ndiyo maana ulipobadilisha moja kwa nyingine hukusikia kitu. Masikio yako yako sawa, na usikubali mtu akuambie hujui kusikiliza.

Sasa itazame spika. Toa kile kitambaa cha mbele uone. Ile koni kubwa ya karatasi au plastiki ndiyo wufa. Nyuma yake kuna koili ya waya inayoning'inia katikati ya sumaku. Umeme ukipita, koili inaruka mbele na nyuma, na koni inaifuata na kusukuma hewa. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne ni kama hezi 41. Maana yake koni isukume hewa mara 41 kwa sekunde, isukume hewa nyingi, halafu itulie papo hapo mpiga besi anapoachia uzi. Haiwezi kutulia papo hapo, kwa sababu ina uzito. Huko juu twita, kile kijikoni kidogo, kinatakiwa kitetemeke mara elfu kumi kwa sekunde. Sanduku la mbao nalo linatetemeka na kuchangia uimbaji ambao hakuna aliyeuomba. Katika spika nyingi za nyumbani, chini ya asilimia 1 ya umeme unaoingia hutoka kama sauti. Uliobaki unapasha koili moto. Spika ambayo haipandi wala kushuka zaidi ya desibeli 3 tunaisifu. Amplifaya ya hivyo tungeirudisha dukani siku hiyohiyo.

Kwa hiyo vijana wanaojifunza kazi kwangu huwaambia: watazameni wanaogeuza. Kifaa kinachogeuza umeme kuwa mwendo, au mwendo kuwa umeme, ndicho kinachoacha alama kwenye sauti. Spika ni mmoja wao. Mwingine ni sindano ya santuri, kama wanavyojua wale wanaochambua santuri za zamani pale Kenyatta Market: sindano ikichakaa, hakuna kitu utakachonunua mbele yake kikaiokoa.

Nije kwenye chumba chako, maana ndicho hasa kilichonifanya nikuandikie kwa urefu.

Sauti ikitoka kwenye spika haiji kwako peke yako. Inakwenda kila upande, inagonga taili, mawe, kioo na dari, na kila kimoja kinakurudishia nakala iliyochelewa kidogo. Vitu vigumu kama hivyo havimezi karibu chochote. Silabi ya kwanza bado inazunguka chumbani wakati ya pili inatoka, ya tatu inazikuta zote mbili, na hapo ndipo maneno ya mwimbaji yanapozama. Ukiongeza sauti unaongeza na mwangwi kwa kiasi kilekile, kwa hiyo unapata kelele zaidi na maneno yaleyale yaliyozama.

Fanya jaribio hili leo. Simama katikati ya sebule, zima kila kitu, piga kofi moja kali. Baada ya “pa” utasikia kamkia kembamba, “tsiiing”, kama mtu amegusa waya wa chuma uliokazwa. Hiyo ni sauti inayochezwa danadana kati ya kuta mbili zinazotazamana. Kisha nenda chumba cha kulala, simama kati ya kitanda na kabati la nguo lililo wazi, piga kofi jingine. “Pa”, kimya. Tofauti kati ya kofi hizo mbili haiuzwi katika amplifaya yoyote.

Besi ni kesi nyingine, haiponi kwa zulia. Mawimbi yake ni marefu, mita kadhaa, na yakipata ukubwa wa chumba unaolingana nayo yanasimama humo na kuvimba. Hesabu yenyewe unaweza kuifanya kwa simu: sauti hukimbia kama mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzijoto 20, gawanya 343 kwa mara mbili ya urefu wa chumba. Kwa mita 4 unapata karibu hezi 43. Kwa mita 3.5, hezi 49. Hizo mbili ni jirani kabisa, na zote ziko palepale ambapo gitaa la besi hutembea likishuka. Kila mpiga besi akikanyaga noti hizo chumba chako kinamshangilia, kinaziinua kwa desibeli 10 au hata zaidi, akihama, kinanyamaza. Wewe unasikia lori.

Na mvumo huo una mahali unapokaa. Kwenye kuta unakuwa mkubwa, kwenye pembe mkubwa kupita kote, na katikati ya chumba ni kama haupo. Wewe umeziweka spika pembeni, ambako zinakichokoza chumba kuliko mahali pengine popote, kisha ukabandika kochi ukutani, ambako uchokozi huo unasikika kuliko mahali pengine popote. Ungenilipa nikuharibie sauti kwa makusudi nisingepanga vizuri zaidi.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa Buruburu na bwana mmoja aliyekuwa kwenye amplifaya yake ya tatu ndani ya miaka miwili. Nilikwenda na mkoba mzima: mita, chuma cha kuchomelea, fyuzi, dawa ya kusafishia vitufe. Kilichotumika ni futi ya kupimia. Spika zake moja ilikuwa juu ya kabati, imelazwa ubavu, imewekewa maua ya plastiki. Nyingine nyuma ya mlango, ikipiga kwenye kanga zilizotundikwa. Tukazishusha, tukazisimamisha pande mbili zilizolingana, tukavuta kochi. Mama mwenye nyumba akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, akauliza hilo gitaa la pili tumelitoa wapi. Lilikuwapo miaka yote kwenye wimbo uleule. Bwana akafurahi sana, mpaka nilipotaja malipo. “Nikulipe nini, fundi, na hujafungua kitu?” Tulibishana mpaka chai ikapoa.

Wewe nitakupangia bure. Panga spika zipige kwa kufuata ule urefu wa mita 4. Zivute sentimita 50 hadi 60 kutoka ukuta wa nyuma, na zisigusane na kuta za pembeni. Kati ya moja na nyingine acha kama mita 1.8 hadi 2. Zigeuze kidogo zikutazame, twita ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa. Kochi lisogeze mbele, hata nusu mita, na usilipeleke katikati kabisa, maana huko besi itapotea. Umbali kutoka kwako hadi kila spika uwe sawa. Tumia kamba kama huna futi. Ukishapata mahali, bandika utepe sakafuni, kwa sababu siku ya kupiga deki mtu atazisukuma zote pembeni.

Kujua kama umepatia, usitumie rumba kwanza. Weka redio, taarifa ya habari ya saa moja jioni, msomaji mwanamume. Sauti ya mtu tunaijua toka tukiwa tumboni na sikio halidanganyiki nayo. Akisikika kama anasoma akiwa ndani ya pipa, spika bado ziko karibu na ukuta. Vuta tena sentimita kumi. Akisikika kama amekaa pale kati ya spika mbili, hapo ambapo hakuna kitu, umefika.

Najua sebule ya Umoja si uwanja. Pengine kuna meza, kuna mtungi wa maji, kuna watoto. Hata sentimita 25 zina maana. Na kama spika zako zina tundu, chomeka soksi nene kwenye kila tundu. Nasema kweli, soksi. Tundu hilo limewekwa kuongezea besi, na wewe besi unayo ya kugawa. Halafu tazama uso wa amplifaya: kuna kitufe kimeandikwa Loudness? Kimebonyezwa? Kiko pale kwa sababu sikio letu linasikia besi hafifu sauti ikiwa chini, jambo lililopimwa na watafiti Fletcher na Munson mwaka 1933. Kwenye chumba kama chako kinamwaga mafuta kwenye moto. Kizime, na kitasa cha besi kirudishe katikati. Huenda majirani wakaacha kugonga hapohapo, kwa sababu kinachopenya zege hadi kwao ni ule mvumo wa chini, si maneno ya mwimbaji.

Kwa maneno, unahitaji vitu laini. Zulia kati ya spika na kochi, pazia zito lenye mikunjo mbele ya kile kioo, mito, hata rafu ya vitabu iliyojaa ovyo ovyo. Trei za mayai achana nazo. Najua umeziona kwenye kuta za studio mtaani. Ni karatasi nyembamba, besi haizioni kabisa, sauti za juu zinaguswa kidogo tu, na zikishika moto unajuta.

Sasa ile spika ya kushoto. Usiihukumu bado. Badilisha nafasi: ya kushoto iende kulia na ya kulia ije kushoto, nyaya zibaki palepale zilipo. Udhaifu ukihama na spika, spika ni mgonjwa. Udhaifu ukibaki kushoto, ama ni upande huo wa amplifaya, na hilo utalijua kwa kubadilishana nyaya nyuma ya amplifaya uone kama udhaifu unahama, ama ni waya au chumba. Mimi naweka shilingi yangu kwenye chumba: kulia kuna pembe kamili inayoisaidia spika, kushoto kuna mlango wa korido ambamo besi inatoka kwenda zake. Angalia pia nyekundu iwe imeingia kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi kwa spika zote mbili. Moja ikigeuzwa, koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na zinafutana.

Kuhusu wati, biashara ya Luthuli Avenue, ule mtaa wa maduka ya vifaa vya sauti, imetuharibu vichwa. Kutoka wati 40 hadi 100 ni ongezeko la desibeli 4 peke yake, tena pale tu unapofungulia mpaka mwisho. Ili sikio lako lisikie sauti “mara mbili” unahitaji wati mara kumi hivi. Ukikaa mita mbili au tatu kutoka kwenye spika za kawaida, kwa sauti ya kuburudika, mtambo wako unatumia pengine wati 1, na vilele vya ngoma vinaomba kumi, ishirini. Na yale maandishi ya “PMPO wati 10,000” kwenye katoni ni mapambo, hakuna kipimo kinachoyafunga. Geuza kifaa utazame mgongoni kinakula stima kiasi gani. Kama kinakula wati 60, hakiwezi kukutolea elfu kumi. Umeme hauzaliani humo ndani. Namba ya kuuliza ni RMS, yaani wati ambazo kifaa kinaweza kutoa mfululizo.

Kuna wakati amplifaya ina kosa kweli, nisiwe mtetezi kupita kiasi. Ikiwa chumba ni kikubwa kama ukumbi, ikiwa spika ni za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) na amplifaya imeandikwa isipewe chini ya omu 8, ikiwa kitasa kinakwaruza, au ikiwa unaifungulia mpaka sauti inapasuka. Hilo la mwisho lichunge. Amplifaya ndogo inayolazimishwa hukata vilele vya muziki na kumwaga umeme mkali kwenye twita, na twita nyingi ninazoletewa zikiwa zimeungua ziliuawa na amplifaya ndogo. Hiyo si hali yako.

Waya: nami niliwahi kuziuza hizo nene za vichwa vya dhahabu, nilipokuwa kijana nimeajiriwa, na nilikuwa nazieleza vizuri sana. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, ule wa pea wa kawaida, ukiwa na urefu wa mita 5 una ukinzani wa kama omu 0.12 kwenda na kurudi. Spika yako ni omu 8. Unachopoteza ni kama desibeli moja ya kumi, na hakuna sikio linaloisikia. Cha kuangalia ni iwe shaba halisi. Kuna zile za alumini zilizopakwa shaba, ukikwangua kwa wembe unaona weupe ndani. Dhahabu ya vichwa inazuia kutu, basi.

Simu na Bluetooth usizihangaikie bado. Zinabana muziki kidogo, lakini hazivumi. Tofauti utaisikia kwenye nyimbo zilizopakuliwa ovyo zikabanwa mpaka matoazi yakawa kama mvua kwenye mabati. Hizo zitafute upya.

Tufike kwenye pesa. Wiki ya kwanza usitumie hata shilingi. Hamisha, sikiliza, hamisha. Robo ya zile 40,000 itenge kwa zulia na pazia, ambavyo hata mgeni asiyejali muziki atavikalia na kuvisifu. Kisha sikiliza wiki mbili. Inawezekana sana ukaishia hapo. Kama bado huridhiki, iliyobaki yote iende kwenye spika, na usiende kubwa. Kwa sebule yako ningechukua ndogo, wufa ya inchi 5 hadi 6 na nusu, juu ya stendi nzito. Haitashuka sana chini, na hilo ndilo ninalolitaka: isipofika hezi 43 kwa nguvu, chumba hakina cha kushangilia. Utakosa ule mtikisiko wa kifuani, sikufichi. Ukiwa mpenzi wa mtikisiko, baki na kubwa zako na soksi. Sabwufa kwenye gorofa ya tatu mimi sikushauri, labda kama unahama mwezi ujao.

Mpya au mtumba? Kwa pesa hiyo mtumba unakupa spika bora, ukijua kuchagua. Gusa ule ukingo unaozunguka koni. Kama ni wa raba, sawa. Kama ni wa sponji na una miaka yake, bonyeza polepole kwa kidole. Uliooza unamomonyoka na kukuachia unga mweusi, kama mandazi ya juzi. Hiyo hutengenezeka, fundi anabandika ukingo mpya, ila bei ishuke. Sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotawanywa pande zote: ikikwaruza ndani, koili imepinda, iache. Beba mita ya kupimia omu: spika ya omu 8 isome kama 6 au 7. Isiposoma kitu koili imekatika. Beba na betri moja ya volti 1.5, iguse kidogo tu, chanya kwenye nyekundu: koni iruke mbele, “tap”. Na ukishawishiwa kubeba amplifaya ya mtumba njiani, soma mgongoni kwanza. Za Japani ni volti 100, za Marekani 120, na sisi stima yetu ni 240. Bila transfoma utasikia muziki wa sekunde moja.

Kati ya amplifaya zako mbili ningebaki na ya baba na kuiuza mpya ikiwa bado na risiti na katoni, lakini baada ya fundi kuifungua na kuitazama, kwa sababu kapasita, vile vikopo vya ndani vinavyohifadhi umeme, za umri huo hukauka. Usiifungue mwenyewe. Kapasita kubwa hushika umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Mpelekee pia mtu haraka ukiona koni inaruka mbele na kubaki hukohuko unapowasha, ukisikia harufu ya kuungua, ukigusa bati la amplifaya ukahisi mchomo, au fyuzi ikikatika mara ya pili. Fyuzi isizibwe kwa karatasi ya sigara. Tafuta fundi anayekubali ukae pale ukimtazama, na anayekurudishia vipande vibovu alivyotoa.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu kushoto. Ukishabadilisha spika, nyaya, na mpaka ukakaa ukizipa mgongo, na bado udhaifu uko upande wa sikio lako la kushoto, hata mgongo ukiwa umezigeukia, basi mtambo mzima hauna shida. Muone daktari wa masikio, pua na koo. Mara nyingi ni nta, anaitoa kwa dakika chache. Kama limezibika ghafla, au linapiga mluzi usiokoma, usingoje mwisho wa mwezi, nenda siku hiyohiyo.

Na kesho pita dukani ukaombe arbuni yako. Nenda mapema kabla hawajakukatia ule waya kwa vipimo, wakishaukata watasema ni wako.